Picha Inayochezwa Papo Hapo: Vigeuzi Sahili vya Video kwa Mwanafunzi Anayeanza

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanafunzi, na mwalimu wake pia, namna picha za video zinavyogeuzwa mbele ya hadhira kwa msaada wa programu za kompyuta. Kazi hiyo hutofautiana na ya mtengenezaji wa filamu. Mtengenezaji wa filamu hukata na kuunganisha picha zake chumbani, kisha huwaletea watazamaji kitu kilichokwisha kukamilika. Yule tutakayemwita hapa mchezesha picha hukaa ukumbini pamoja na wanamuziki au wachezaji, nayo picha inayoonekana kwenye pazia huzaliwa saa ile ile. Anakosea mbele ya macho ya watu, na anasahihisha mbele ya macho yao. Kwa sababu hiyo yuko karibu zaidi na mpiga ngoma kuliko na mhariri wa filamu.

Tangu mwanzo ni lazima tuepushe mkanganyiko mmoja. Nchini Uganda, herufi VJ humtaja mtu anayesimulia na kufasiri filamu ya kigeni papo hapo kwa lugha ya wasikilizaji. Hiyo ni sanaa ya neno. Katika makala haya tunashughulikia sanaa ya picha, ijapokuwa kwingineko duniani herufi hizo hizo humtaja mchezesha picha.

Kwa nini tulizungumzie jambo hili katika jarida la taaluma za Kiswahili? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba anayeanza kujifunza programu hizi hukabidhiwa orodha ndefu ya majina asiyoyaelewa. Huyajaribu yote, huyarundika yote, na mwishowe picha yake hufa chini ya mzigo wa mapambo. Lugha inayoeleweka ndiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huo. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Baadhi ya hesabu zilizofichwa ndani ya zana hizi humwondoa pazia­ni mtu mwenye ngozi nyeusi, na mwanafunzi asiyejua hesabu hiyo atadhani kosa ni lake au ni la mchezaji. Tutalirejea jambo hilo katika sehemu ya 5.

2. Asili ya sanaa hii

Vigeuzi vya video vilikuwapo kabla ya kompyuta za mezani. Mwaka 1969 na 1970, msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Korea, pamoja na fundi Mjapani Shuya Abe, waliunda mtambo wa kuchanganya na kupaka rangi ishara za video, nao ukatumika katika kituo cha televisheni cha WGBH mjini Boston. Mwaka 1971 Steina na Woody Vasulka walifungua mjini New York ukumbi ulioitwa The Kitchen, ambamo video na muziki wa kielektroni vilichezwa mbele ya hadhira.

Kwa mwanafunzi wa leo, aliye muhimu kuliko wote pengine ni Dan Sandin wa Chicago. Kati ya 1971 na 1973 aliunda mtambo wa visanduku vingi, kila kisanduku kikiwa na kazi moja tu: kimoja hujumlisha picha mbili, kingine hupindua mwanga kuwa giza, kingine hukata picha kwa kiwango cha mwanga. Mtumiaji aliviunganisha visanduku hivyo kwa nyaya kwa mpangilio alioutaka. Tena Sandin hakuuza siri yake. Michoro ya mtambo aliitoa kwa yeyote aliyekuwa tayari kuujenga.

Mawazo hayo mawili, yaani kazi moja kwa kila kisanduku na ujuzi unaotolewa bure, yamehamia katika programu. Miller Puckette aliandika Pure Data katika miaka ya 1990, programu ya bure ambayo mtumiaji huunganisha visanduku vya kuchora kwenye skrini, nayo ikaongezewa uwezo wa picha kwa nyongeza iitwayo GEM. Baadaye Olivia Jack aliandika Hydra, programu huria inayofanya kazi ndani ya kivinjari cha intaneti na ambayo kwa makusudi huiga mitambo ile ya visanduku na nyaya. Zipo pia programu za kulipiwa, kama vile Resolume na Isadora. Kwa kuwa wanafunzi wetu wengi hawana fedha za leseni, mifano yetu inaweza kujaribiwa kwa programu za bure; lakini misingi ni ile ile popote.

3. Picha ni namba

Ili kigeuzi kieleweke, lazima kwanza tujue kinageuza nini. Picha ndani ya kompyuta ni shamba la nukta zilizopangwa kwa mistari na safu. Kila nukta ina namba tatu: kiasi cha rangi nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu. Programu nyingi huhesabu kila kiasi kuanzia 0 hadi 255. Nyingine, Hydra ikiwamo, huhesabu kuanzia 0 hadi 1. Tutatumia hesabu ya pili kwa kuwa ni nyepesi: 0 ni giza kamili, 1 ni mwanga kamili, na 0,5 ni katikati. Nukta yenye 1, 1 na 1 ni nyeupe. Yenye 1, 0 na 0 ni nyekundu tupu.

Picha yenye nukta 1.920 kwa upana na 1.080 kwa kimo ina nukta 2.073.600. Ikiwa programu huonyesha picha 30 kwa sekunde, basi mashine hushughulikia nukta 62.208.000 kila sekunde, na kila moja kwa namba tatu. Hapo mwanafunzi ataelewa kwa nini kompyuta dhaifu huanza kukwama. Ataelewa pia dawa iliyo rahisi: picha ya nukta 640 kwa 480 ina nukta 307.200 tu, yaani kazi hupungua mara 6,75. Ikirushwa kwa projekta kwenye ukuta, na hasa ikiwa ndani ya moshi na giza la ukumbi, watazamaji wengi hawatagundua upungufu huo. Picha iliyokwama, kwa upande mwingine, kila mtu huigundua.

Kutokana na maelezo hayo twaweza kutoa fasili: kigeuzi ni hesabu fupi inayofanywa kwa kila nukta, tena kwa namna ile ile, kabla picha haijafika kwenye pazia. Vyote tutakavyoviona hapa chini ni vya aina mbili. Baadhi hubadilisha namba za nukta. Vingine hubadilisha mahali inapochukuliwa nukta.

4. Vigeuzi vinavyobadilisha namba

4.1. Kuongeza mwanga na kupanua tofauti

Kigeuzi cha kwanza ni kujumlisha. Ukiongeza 0,2 kwa kila namba, picha yote hung’aa zaidi. Lakini namba haiwezi kuvuka 1: iliyokuwa 0,9 na iliyokuwa 0,85 zote huishia 1, na tofauti iliyokuwapo kati yake hupotea kabisa. Hakuna kigeuzi kitakachoirudisha baadaye.

Kigeuzi cha pili hupanua tofauti ya mwanga na giza. Toa 0,5, zidisha kwa 2, kisha rudisha 0,5. Nukta ya 0,3 hushuka hadi 0,1. Nukta ya 0,7 hupanda hadi 0,9. Vya giza huzidi kuwa giza, vya mwanga huzidi kung’aa. Katika ukumbi wenye taa nyingi, kigeuzi hiki peke yake huokoa picha iliyofifia.

4.2. Kupindua na kuweka kizingiti

Kupindua ni kutoa namba ya nukta kutoka 1. Nyeupe huwa nyeusi, nyekundu hugeuka kuwa samawati ya kijani. Ni kigeuzi chenye nguvu sana kwa kuwa hubadili picha nzima kwa pigo moja, na kwa hiyo kinafaa kutumiwa mara chache.

Kizingiti hufanya kazi kama mlinzi wa mlangoni. Chagua kiwango, tuseme 0,5. Kila nukta iliyo juu yake hupewa 1, iliyo chini hupewa 0. Picha hubaki na rangi mbili tu, kama mchoro wa mkaa au kivuli cha mtu mbele ya moto. Umbo la mwili na la ala hujitokeza. Uso na sura ya mahali hutoweka.

4.3. Kuchanganya matabaka mawili

Hapa ndipo kazi ya mchezesha picha inapoanza kwa kweli. Tuseme tuna vyanzo viwili, kamera inayomwelekea mpiga gitaa na video ya maji ya mto, na tunataka kuviweka kimoja juu ya kingine. Kila chanzo ni tabaka, nayo njia kuu za kuunganisha matabaka ni nne.

Njia ya kwanza ni kuchanganya kwa sehemu: nusu ya tabaka la kwanza na nusu ya la pili. Nukta ya 0,8 na ya 0,2 hutoa 0,5. Njia hii ni salama, lakini picha hufifia, kwani kila kitu husogea kuelekea katikati.

Njia ya pili ni kujumlisha. Giza la tabaka moja haliongezi kitu, mwanga wake huongezeka juu ya lile la chini. Inafaa kwa vitu vinavyong’aa juu ya giza: cheche, taa za barabarani, mwanga juu ya maji.

Njia ya tatu ni kuzidisha. Nukta ya 0,8 mara 0,2 ni 0,16. Kila kinachozidishwa na 0 hubaki giza, kila kinachozidishwa na 1 hubaki kama kilivyo. Kwa hiyo tabaka lenye maumbo meupe juu ya weusi huwa kama karatasi iliyotobolewa: maji ya mto huonekana ndani ya umbo la mpiga gitaa tu.

Njia ya nne ni kutafuta tofauti: kutoa namba moja kutoka nyingine na kuacha alama ya kutoa. Mahali matabaka mawili yanapofanana kabisa, jibu ni 0, yaani giza. Sasa basi, ukichukua picha ya kamera ya sasa na ile iliyotangulia, kisha ukatafuta tofauti yake, ukuta usiosogea hutoweka, na mkono unaosogea hubaki uking’aa. Mchezaji akisimama kimya, pazia huwa jeusi. Akianza kucheza, mwili wake huchorwa kwa mwendo wake mwenyewe. Ni kigeuzi cha hesabu ya darasa la pili, na bado ni kimojawapo cha vilivyo vizuri kuliko vyote.

5. Kukata kwa mwanga, na suala la ngozi nyeusi

Mara nyingi tunataka kumtoa mchezaji katika mazingira yake na kumweka juu ya picha nyingine. Njia ambayo hupendekezwa kwanza kwa wanaoanza ni kukata kwa mwanga: nukta zote zilizo chini ya kiwango fulani hufanywa kuwa uwazi, zilizo juu yake hubaki. Mafunzo mengi humwonyesha mtu mweupe aliyesimama mbele ya pazia jeusi. Kiwango huwekwa 0,4. Pazia hutoweka, mtu hubaki. Mwanafunzi huambiwa kwamba jambo ni rahisi.

Hebu mwanafunzi huyo ajaribu jambo hilo hilo kwa mchezaji mwenye ngozi nyeusi, chini ya taa hafifu. Tuchukue namba za mfano: ukuta una 0,15, uso una 0,25, shati jeupe lina 0,8. Kwa kiwango cha 0,4 ukuta hutoweka, na uso hutoweka pamoja nao. Pazia­ni hubaki shati linalocheza peke yake. Watazamaji hucheka. Lakini mashine haikuharibika. Imetii hesabu iliyopewa. Kosa limo katika dhana iliyoitangulia hesabu, ya kwamba mtu ni kitu cheupe na mandhari ni kitu cheusi.

Dhana hiyo ina historia. Kwa miongo mingi, kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zilizoonyesha wanawake weupe, na ngozi yao ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Kamera na programu za leo zimebadilika sana; hata hivyo, viwango vinavyowekwa tayari na mifano ya mafunzo bado huweza kubeba mazoea ya aina hiyo.

Je, tufanye nini? Mtu ataweza kusema: tushushe kiwango hadi 0,2. Kwa namba zetu uso hubaki na ukuta hutoweka, lakini nafasi kati ya uso na ukuta ni 0,10 tu. Kamera ikiwa katika mwanga mdogo hutoa chembechembe zinazorukaruka, nazo huvuka kiwango huku na huku, hata kingo za mwili zikawa kama zinachemka. Mwingine atasema: tuongeze mwanga kwa kigeuzi kabla ya kukata. Tukizidisha kwa 2, ukuta huwa 0,3 na uso 0,5. Lakini chembechembe nazo zimezidishwa kwa 2, hivyo hatukupata faida. Kigeuzi hakiwezi kutoa mwanga ambao taa haikuutoa.

Njia zilizo bora ni tatu. Ya kwanza ni kugeuza mpango wote: tuangazie ukuta badala ya kuuficha. Shuka jeupe likiangazwa vizuri hufika 0,9. Sasa tunaagiza programu iondoe kila kilicho juu ya 0,7 na kuacha kilicho chini. Uso wenye 0,25 uko mbali kabisa na kiwango, kwa hiyo ngozi nyeusi, iliyokuwa tatizo, imekuwa ndiyo inayokatika kwa usafi zaidi. Sharti ni kwamba mchezaji asivae shati jeupe, na kamera isiachwe ijirekebishe mwanga yenyewe, kwani ikiona weupe mwingi itatia giza picha nzima. Baada ya kukata, uso unaweza kuongezewa mwanga bila kuhofia ukuta, maana ukuta haupo tena.

Ya pili ni kukata kwa rangi badala ya mwanga, kwa kitambaa cha kijani au cha buluu ambacho hakifanani na ngozi ya mtu yeyote. Kitambaa kisiwe na mikunjo, nacho kiangaziwe sawasawa. Ya tatu ni kuweka taa ndogo nyuma ya mchezaji, upande wa juu, ili ichore ukingo wa mwanga mabegani na kichwani. Ukingo huo humtenga na ukuta kwa macho ya kamera kama unavyomtenga kwa macho ya watu.

Tumelidokeza jambo hili kwa urefu kwa sababu mwanafunzi akilielewa ameelewa vingine vyote: kiwango kilichowekwa tayari ni uamuzi wa mtu fulani aliyekuwa na mtu fulani mbele yake, na anayejua hesabu anaweza kuubadilisha.

6. Vigeuzi vinavyobadilisha mahali

Kundi la pili la vigeuzi huacha rangi kama zilivyo na kuuliza swali lingine: nukta ya mahali hapa ichukuliwe kutoka wapi? Ukiamuru nusu ya kulia ichukue nukta zake kutoka nusu ya kushoto kwa kinyume, umepata kioo. Ukiamuru picha nzima irudiwe mara nne kwa upana na mara tatu kwa kimo, umepata nakala 12. Anayetazama kitenge kwa makini atatambua kanuni hiyo: umbo moja, likirudiwa na kupinduliwa kwa utaratibu, hujaza kitambaa kizima, na jicho huacha kuona umbo na kuanza kuona mpangilio.

Kuna pia kuzungusha, kukuza, na kugawa picha katika miraba mikubwa. Kilicho cha ajabu zaidi ni kigeuzi kinachotumia picha moja kusogeza nukta za nyingine. Pale picha ya pili inapong’aa, nukta za kwanza husukumwa mbali. Pale ilipo giza, hubaki. Video ya maji ikitumiwa hivyo juu ya picha ya jengo, kuta za jengo huyumba kama zimo ndani ya mto, ingawa maji yenyewe hayaonekani. Anayeanza atumie kiasi kidogo sana cha kigeuzi hiki, kwani kikizidi hakuna kitakachotambulika.

7. Mrejesho

Ukiielekeza kamera kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyo hiyo, utaona skrini ndani ya skrini bila mwisho, kama vioo viwili vilivyoelekeana. Huo ndio mrejesho. Ndani ya programu hakuhitajiki kamera: picha iliyokwisha kutoka hurudishwa mwanzoni, hupunguzwa kidogo, kisha huchanganywa na picha mpya.

Kila kitu hutegemea namba ya kupunguzia. Tukiizidisha picha ya zamani kwa 0,9 kila mara, baada ya picha 22 hubaki takriban 0,1 ya mwanga wake. Kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde, huo ni muda usiofika sekunde moja. Mkono wa mchezaji huacha mkia mfupi. Tukitumia 0,98, huchukua picha 114 kufika hapo, yaani karibu sekunde 4, na mkono huacha njia ndefu inayofifia taratibu. Tukitumia 1 au zaidi, mwanga hauishi: hujilundika mpaka pazia lote likawa jeupe. Namba iliyo chini ya 1 ndiyo hatamu ya mrejesho, na asiyeishika atatupwa.

Tukiikuza picha kidogo katika kila mzunguko, mfano kwa sehemu moja ya mia, huonekana kama handaki linalotujia. Tukiizungusha kidogo pia, handaki hujisokota kama kamba.

8. Mpangilio, muziki na usalama

Vigeuzi vikifuatana, mpangilio wake hubadili jibu. Tuchukue nukta ya 0,4. Tukiongeza 0,2 kwanza tunapata 0,6, kisha tukipanua tofauti mara 2 tunapata 0,7. Tukianza kwa kupanua tunapata 0,3, kisha tukiongeza 0,2 tunapata 0,5. Ndiyo maana picha ikiharibika, kabla ya kuongeza kigeuzi kipya inafaa kwanza kubadilisha nafasi za vile vilivyopo, au kuondoa kimoja.

Kuhusu muziki, hesabu husaidia vilevile. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una mapigo 2 kwa sekunde, yaani pigo moja kwa kila picha 15. Lakini si lazima kila pigo litikise picha. Msikilizaji wa rumba anajua kwamba wimbo hutembea kwa utulivu, ndipo magitaa yanapoingia sebene na watu kuinuka. Mchezesha picha aliyemaliza vigeuzi vyake vyote katika ubeti wa kwanza hatakuwa na kitu cha kutoa sebene inapofika.

Lipo onyo ambalo halina mjadala. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha nchini Japani mwanga mwekundu na wa buluu uliobadilishana takriban mara 12 kwa sekunde. Watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini, baadhi yao wakiwa wamepatwa na degedege. Kanuni za kimataifa za kurasa za intaneti huagiza mmweko usizidi mara 3 katika sekunde moja, na wekundu mkali ndio wa kuogopwa zaidi. Pazia kubwa katika giza la ukumbi halina hatari ndogo kuliko skrini ya nyumbani. Kigeuzi cha kupindua kikifungwa kwenye mapigo ya haraka huvuka mpaka huo kwa urahisi. Mchezesha picha hawajui wote waliomo ukumbini. Kwa hiyo ajizuie kwa ajili ya yule asiyemjua.

9. Zoezi la kwanza

Tunampendekezea anayeanza zoezi la saa moja. Achukue chanzo kimoja tu, kamera ya kompyuta yake, na picha ndogo ya nukta 640 kwa 480. Kwa dakika 10 atumie kigeuzi kimoja pekee, tuseme kizingiti, akikisogeza polepole kutoka 0 hadi 1 na kuandika kwenye daftari anachokiona. Kisha aongeze mrejesho wenye namba 0,9. Kisha abadilishe mpangilio wa viwili hivyo na kulinganisha. Asivuke vigeuzi vitatu. Mwishowe aombe mwenzake acheze wimbo mmoja, naye auandame kwa mkono mmoja, akigusa namba moja tu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake.

Kwa kuwa umeme unaweza kukatika, programu na video zote ziwekwe ndani ya kompyuta yenyewe, betri ijazwe mapema, na kazi ihifadhiwe kila baada ya badiliko. Hydra nayo inaweza kupakuliwa na kutumiwa bila kuunganishwa na intaneti.

10. Kuhusu istilahi

Msomaji ameona kwamba tumetumia neno kigeuzi. Neno athari lingeweza kutumika, lakini hudokeza matokeo, tena mara nyingi mabaya, na huficha chombo kinachoyaleta. Neno madoido hudokeza pambo linalowekwa juu ya kitu kilichokwisha kamilika, nalo humtia mwanafunzi katika kosa lile lile tulilolilaumu mwanzoni. Kigeuzi humwambia waziwazi: hapa kuna kitu kinachogeuza, kiulize kinageuza nini na kwa kiasi gani. Vivyo hivyo tabaka, kizingiti na mrejesho ni maneno ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huyaona kwa jicho la akili hata kabla ya kugusa mashine. Kizingiti cha mlango anakijua kila aliyewahi kuingia nyumba.

Amri za programu zenyewe zitabaki katika lugha za waliozitunga, na hatuna budi kuzikariri. Lakini kukariri amri ni jambo moja, na kufikiri ni jambo jingine. Maonyesho ya sanaa yaliyoanzishwa mjini Lubumbashi mwaka 2008 yalijichagulia jina la Picha, na jina hilo halikuhitaji tafsiri kwa wakazi wa mji. Kazi iliyobaki ni kwamba anayesema picha kwa Kiswahili aweze pia kueleza, kwa Kiswahili hicho hicho, kwa nini uso wa mchezaji umetoweka pazia­ni, na ni namba gani aiguse ili urudi.